Ni Jani Lipi Lililowaponya Ndama

Watu wa Kifungo, kando ya mji wa Kalemie huko Kongo, walimjua Émérence kama yule mama anayenusa mavi ya ndama. Hawakukosea. Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, aliingia katika zizi dogo, akainama nyuma ya kila ndama, akachota kidogo kwa kijiti, akanusa, akatazama rangi, ndipo akaenda kunawa. Wanawake waliopita na ndoo zao kuelekea mtoni walimcheka, naye akawaacha wacheke. Baba yake alikuwa mchungaji huko juu Marungu, katika ranchi ya Wazungu, na ndiye aliyemfundisha kwamba ndama hana kinywa cha kusema, kwa hiyo husema kwa upande wa pili.

Alikuwa mjane wa miaka arobaini na mmoja, mrefu, mwenye sauti nzito na viganja vilivyokomaa kwa kamba. Alifanya kazi kwa Papa Ramazani, mfanyabiashara wa ukoo wa zamani wa ziwani, aliyekuwa na ng'ombe kumi na wanne katika ferme, shamba dogo la mifugo kwenye mteremko unaoutazama mto Lukuga. Isidore, mzee mpole wa Kiluba, alichunga ng'ombe wakubwa. Ndama walikuwa wa Émérence. Maziwa yalishuka mjini kwa baiskeli, dawa zilipanda kutoka bandarini zilikoletwa na boti za Kigoma, na mara moja kwa mwezi Docta Pascal wa biro, ofisi ya serikali ya mifugo, alikuja na kisanduku chake cha sindano.

Mwezi wa nane wa mwaka 1998 vita ikafika Kalemie. Waasi waliingia, askari wa serikali wakakimbilia bara kwa njia ya reli, na wenye uwezo wakavuka ziwa. Papa Ramazani alivuka na wake zake na watoto wote. Alipokuja kuaga alikuwa na haraka, hata kiti alikikataa.

"Wiki mbili tu, Mama Émérence. Wewe na Isidore muniangalilie ng'ombe."

"Na dawa za ndama, Papa?"

"Nitatuma na boti."

Wiki mbili zikawa miaka minne, na dawa haikuja.

Mvua za mwezi wa kumi zilipoanza, ng'ombe sita walizaa karibu kwa pamoja. Siku ya tano baada ya kuzaliwa, ndama wa kwanza alianza kuhara. Mavi yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, yenye harufu ya kitu kilichochacha. Émérence alimnywesha maji ya chumvi na sukari, akamfunika gunia, akampangusa mkia. Siku ya tatu masikio yakawa ya baridi na macho yakazama ndani. Akafa. Akafuata wa pili, kisha wa tatu. Alipokufa wa nne, Émérence alivua kitenge cha kazi, akavaa cha kutokea, akateremka mjini kwa miguu hadi kwa Docta Pascal.

Alimkuta ameketi peke yake katika biro yenye meza moja.

"Docta, leo asubuhi imekufa ya ine."

"Pole, Mama. Sina kitu. Frigo ya dawa waasi walibeba, sindano walibeba. Hata hiki kiti nimekitoa kwangu."

"Hakuna hata kidogo?"

"Ungojee boti."

"Ndama haingojee boti, Docta." Alisita. "Baba yangu alikuwa anachemusha majani ya mapera."

Docta Pascal alitabasamu kama mtu aliyechoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesoma Lubumbashi miaka mitatu, na vita ilikuwa imemwachia diploma tu. "Hayo njo mambo ya waganga, Mama. Mimi si mganga."

Njiani kurudi alikasirika hata akapita nyumba ya dada yake bila kusalimu. Lakini alipokuwa anapanda mlima, hasira yake iligeuka ikawa fikira. Kweli baba yake alichemsha majani ya mapera, na kweli ndama wengine walipona. Wengine walikufa vilevile. Walikufa wale waliopewa wakiwa wameshalala chini. Mtu hangoji nyumba ivuje ndipo akakate nyasi za kuezeka. Je, ndama akipewa kila siku, kidogo kidogo, angali mzima, tumbo lake lisingekuwa tayari?

Siku ya soko alimwendea rafiki yake Zuhura, aliyekuwa akiuza viungo na mizizi kule Kataki. Mababu wa Zuhura walikuwa watu wa Ujiji, na kwake hakuna ugonjwa uliokosa jani. Alisikiliza huku akipanga vitunguu saumu vyake.

"Mapera yanafunga tumbo," alisema. "Hilo hata mutoto anajua. Lakini kufunga si kuponya. Weka na kitunguu saumu, kinafukuza wadudu wa tumboni. Na mulonge. Sisi mutoto akikonda tunamupikia majani ya mulonge, anarudi mwili."

"Ndama si mutoto, Zuhura."

"Naye anakunywa maziwa. Tofauti iko wapi?"

Nyuma ya ferme kulikuwa na mipera mitatu, na kando ya ua wa Papa Ramazani mulonge mmoja mkubwa ambao mama yake Ramazani alileta mbegu zake kutoka ng'ambo. Émérence alichuma majani, akayaanika kivulini juu ya mkeka, maana jani likiungua na jua hubaki takataka. Yalipokauka aliyatwanga pamoja na vipande vya kitunguu saumu vilivyokaushwa, akauchekecha ule unga kwa kitambaa chembamba. Ulitoka wa kijani, mwepesi, wenye harufu iliyomfanya Isidore atoke nje.

Ndama hawakuutaka. Wale wawili waliosalia walinusa pumba zilizochanganywa na unga, wakarudi nyuma; mmoja akapiga chafya, na Émérence akapokea unga wote usoni. Alijaribu kuuloweka katika maji ya moto na kuyachanganya na maziwa. Wakayamwaga maziwa, kitu kilichomuuma zaidi, kwa kuwa watu wa mjini waliyahitaji. Siku kumi alihangaika. Mwishowe aliponda ndizi mbivu iliyoanza kuwa nyeusi, akaikoroga humo, na wakala wakalamba hata ndoo.

Mwaka uliofuata walizaliwa ndama watano. Siku ya tatu ya kila mmoja Émérence alianza na maji ya unga ndani ya maziwa, vijiko viwili. Walipoanza kutafuna, akautia unga mkavu katika pumba, konzi moja asubuhi. Wawili waliharisha siku mbili tatu wakaacha. Hakufa hata mmoja. Kufikia kiangazi walikuwa wanarukaruka na manyoya yao yaling'aa kama yaliyopakwa mawese.

Aliona fahari, lakini alikaa kimya mpaka Docta Pascal alipopita kuwatazama. Docta aliwashika mmoja mmoja, akavuta ngozi ya shingo, akatazama ufizi. Kisha akauliza swali moja.

"Ni jani gani?"

"Namna gani, Docta?"

"Umechanganya vitu vitatu. Ni kipi kimewaponya? Tena naona mwaka huu umewahamisha kutoka lile zizi la matope. Pengine ni sakafu kavu tu. Pengine mwaka huu ugonjwa haukuja. Utajuaje?"

Émérence alichukua ndoo yake, akatoka zizini. Alimchukia Docta kwa siku nzima. Siku ya pili alianza kujichukia mwenyewe, kwa kuwa swali lilikuwa la haki. Kweli hakujua. Alikuwa amempiga ndege mmoja kwa mawe matatu bila kujua ni lipi lililomwangusha. Tangu siku ile lile swali lilikaa ndani yake kama mwiba wa samaki kooni: unameza mate, unaukuta, unameza ugali, unaukuta.

Alipanga jibu lake polepole. Mvua za mwaka 2000 zilipoleta ndama wanane, aliwagawa wanne wanne katika zizi lile lile, sakafu ile ile, maziwa yale yale. Wanne aliwafunga kitambaa chekundu shingoni: hao walipata unga. Wanne hawakupata. Alidhamiria kwanza kujua kama unga wenyewe una maana. Mwaka unaofuata angeanza kutenga majani. Kwa kuwa hakuwa na mizani, alichukua kamba za katani, kila ndama na yake, na kila Jumatatu alimpima kifua nyuma ya miguu ya mbele na kufunga fundo pale kamba ilipokutana. Wiki kwa wiki mafundo yalitembea. Ya vitambaa vyekundu yalitembea haraka zaidi. Wiki ya tisa tofauti ilikuwa karibu vidole viwili, naye akaanza kuimba akikamua, jambo ambalo Isidore hakuwahi kulisikia.

Wiki ya kumi askari wa waasi walikuja. Ilikuwa mchana, baada ya mvua. Walikuwa sita na mkubwa wao, kijana mwenye miwani ya jua, wakasema kuna sikukuu kambini na wanahitaji nyama laini. Isidore alisimama kando na kofia mkononi. Askari mmoja aliingia zizini, akaanza kuwapiga ndama makofi matakoni, kama mtu anayechagua matikiti.

"Hii. Na hii. Na ile yenye kitambaa."

Émérence alielewa kabla askari hajamaliza kuhesabu. Walichagua wenye vitambaa vyekundu.

"Wababa," alisema, akaingia kati, "naomba. Muchukue mbili huku na mbili kule. Musichukue za kitambaa tu."

Mkubwa wao alivua miwani. "Kwa nini?"

"Zile nazipima. Zikiisha za upande mumoja, kazi yote imekufa."

"Unazipima za nini?"

"Nijue kama majani yanasaidia."

Walitazamana, wakacheka. Hawakuwa wakali, hilo ndilo lililomvunja zaidi. Yule mwenye miwani alimgusa bega kwa upole. "Mama, wewe vita imekuharibu kichwa," alisema. Wakaondoka na vitambaa vitatu vyekundu na ndama mmoja asiye na kitambaa, na ng'ombe mkubwa mmoja juu yake.

Isidore alivaa kofia yake walipopotea nyuma ya kona. Kisha akasema bila kumtazama, "Wao wanaiba, na wewe unawapangia cha kuiba."

"Sikupanga. Niliomba."

"Uliwaambia wachukue zile zingine. Nilisikia na masikio yangu."

Lilikuwa kweli. Aliona haya kwa kuwa hakuwalilia ndama, alililia mafundo. Tena baadaye, alipotulia, aliona jambo lililomtia uchungu wa namna nyingine: askari yule, ambaye hakujua lolote juu ya majani, alitembeza jicho katika ndama wanane akachagua waliokula unga, watatu kati ya wanne. Alikwenda kumweleza Docta Pascal. Docta alisikiliza mpaka mwisho.

"Askari si mizani, Mama," alisema.

Mwaka 2001 alianza upya na ndama sita, watatu kwa watatu. Safari hii aliwaficha nyuma ya ferme, katika kibanda cha matete karibu na shimo la zamani la kuchimba udongo, wala hakuwafunga vitambaa, bali aliwatambua kwa madoa yao. Askari hawakufika. Lakini mwezi wa pili wa kupima malaria ilimlaza majuma mawili kwa dada yake, na Isidore akabaki na kazi zote. Aliporudi, bado akitetemeka miguu, alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda na kamba zake. Mafundo yalikuwa yamekaribiana. Wale wasiopewa unga walikuwa wamewafikia wenzao.

Alikaa chini juu ya ndoo, akafikiri labda amejidanganya miaka yote hiyo. Ndipo alipoona kwamba mtungi wa unga ulikuwa karibu kwisha.

"Isidore. Uliwapa wangapi?"

Mzee alikuna shingo. "Wote."

"Nilikuambia watatu."

"Uliniambia. Lakini wale wengine walikuwa wananitazama, Mama. Wanasikia harufu ya ndizi, wanakuja na midomo yao, mimi nawafukuza. Siku ya kwanza niliwafukuza. Siku ya pili nilikosa roho."

"Umekula mwaka wangu mzima," alisema Émérence.

"Hawakufa," alisema Isidore. "Si ulitaka wasife?"

Hakuzungumza naye juma zima. Alimwekea chakula chake, akageuka. Kilichomkera ni kwamba mzee alikuwa amefanya tendo jema, na yeye alikuwa amekasirikia wema. Angepata mtu wa kumlaumu kwa haki ingekuwa nafuu. Waasi walikuwa na bunduki, malaria ilikuwa na mbu wake, Isidore alikuwa na huruma, na kila mmoja alikuja kwa wakati wake kumfungia mlango uleule.

Katikati ya mwaka 2002 Papa Ramazani alirudi. Alikuwa amenenepa na ndevu zimekuwa nyeupe. Alizunguka ferme yake, akahesabu hasara kwa macho, akafika kwa ndama, akasimama. Kule Kigoma alikuwa amejiandaa kukuta zizi tupu.

"Hawa wote ni wa huku huku?" aliuliza.

"Wa huku huku, Papa."

Isidore ndiye aliyemweleza habari za unga, kwa maneno mengi na ya kupamba, na Papa Ramazani akaifanya habari yake. Baada ya mwezi mmoja mji mzima ulijua kwamba ferme ya Ramazani ina dawa ya ndama. Watu wenye mbuzi walikuja kuomba konzi. Kisha wakaja wageni wawili wa shirika moja la msaada, wamevaa buti safi, wakiongozwa na Docta Pascal mwenye shati jipya. Viti vililetwa. Docta alieleza kwa Kifaransa, akataja majina ya miti ambayo miti yenyewe isingeyaitikia, na mgeni mmoja akaandika: mapera, kitunguu saumu, mulonge, kiasi hiki na kiasi hiki.

Walipomaliza, yule mgeni alimwomba Mama mwenye kazi aseme neno. Émérence alisimama.

"Ninashukuru mumekuja. Lakini musiandike kwamba zote tatu ni dawa. Hatujui. Pengine ni moja tu, na hizo zingine tunapoteza nguvu bure. Kitunguu saumu ni shida kupata. Kama hakina kazi, kwa nini tuwatume watu wakakitafute?"

Docta Pascal alitazama viatu vyake. Papa Ramazani alicheka kidogo, kicheko cha kufunika. Wageni walipoondoka, alimwita pembeni.

"Mama Émérence, watu wanakusifu, wewe unakataa sifa?"

"Sikatai, Papa. Nataka kujua. Nipe ndama nne tu mwaka huu, nisiwape kitunguu. Na wawili nisiwape kitu."

"Nisiwape kitu? Dawa iko, halafu ninyime ndama wangu?" Alitikisa kichwa. "Nimepoteza ng'ombe kumi katika vita hii. Sitapoteza hata mmoja kwa ajili ya kujua. Wote wapewe, na vyote vitatu. Neno langu njo hilo."

Hapo ndipo Émérence alipoona jinsi alivyofungwa. Mwanzoni hakuna aliyemwamini, kwa hiyo hakuna aliyejali alichofanya. Sasa walimwamini wote, na imani yao ilikuwa ukuta mrefu kuliko dharau yao.

Lakini vita haikumwuliza Papa Ramazani ruhusa. Mwishoni mwa mwaka ule mapigano yaliongezeka upande wa Nyunzu, na watu wakaanza kumiminika kufuata reli, wamebeba masufuria na magodoro. Boti za Kigoma zilikatika tena, na kitunguu saumu kikatoweka sokoni. Zuhura mwenyewe alikuwa amebaki na chumvi na pilipili. Familia kadhaa zilijenga vibanda vya matawi chini ya ferme. Asubuhi moja Émérence alikwenda kuchuma majani, akamkuta mwanamke juu ya mulonge, mguu mmoja kwenye panda, akivunja matawi na kuyaangusha. Chini kulikuwa na watoto watatu wenye nywele nyekundu za njaa, wakiyakusanya katika kitenge. Mti ulikuwa karibu uchi.

"Wewe nani?" aliuliza Émérence.

Mwanamke alishtuka, akashuka haraka hata akachubuka paja. Alisema anaitwa Laure, ametoka Nyunzu, walitembea siku kumi na moja. "Walituambia haya majani yanalika kama sombe ya muhogo. Kama ni ya muntu, utusamehe."

Émérence alimtazama, akatazama watoto, akatazama ule mti. Kinywani alikuwa ameshaandaa maneno. Alikuwa na ndama saba mwaka ule, na bila mulonge angebaki na mapera tu. Mwenye njaa hana miiko. Lakini si Laure peke yake aliyekuwa na njaa pale, na Émérence alijua kwamba akisema ndama wake wanayahitaji majani yale, atakuwa amesema neno ambalo hataweza kulisahau.

"Usivunje matawi," alisema mwishowe. "Ukivunja, mti unachelewa kutoa. Chuma hivi." Alivuta tawi chini, akakwanyua majani kutoka shina kwenda ncha kwa mkono mmoja, akamwekea Laure katika kitenge. Alichuma naye mpaka majani yakaisha. Kisha akarudi kwa ndama wake mikono mitupu, amekasirika hata machozi yakamtoka, bila kujua amemkasirikia nani.

Kwa miezi mitatu ndama saba walikula mapera peke yake. Alipima kila Jumatatu kwa mazoea tu, kwa kuwa hakuona tena maana. Mmoja alikufa, sita hawakuharisha sana. Lakini walibaki wembamba, mbavu zikihesabika, na mafundo ya kamba yalikaa mahali pamoja kama kuku walioatamia. Kufikia mwezi wa tatu wa 2003 sehemu ya wale watu wa Nyunzu walihamishiwa mahali pengine, na mulonge, kama ilivyo tabia yake, ulikuwa umechipua kwa fujo. Émérence akauongeza katika pumba. Kitunguu saumu kilikuwa bado hakijarudi. Ndani ya majuma matano mafundo yakaanza kutembea, kisha kukimbia.

Alizitandaza kamba sita juu ya mkeka, akazitazama muda mrefu. Alilotaka kulifanya miaka mitatu kwa mpango, njaa ilikuwa imemfanyia bila mpango. Mapera yalikuwa yameshika tumbo. Mulonge ulikuwa umeleta mwili. Kuhusu kitunguu saumu hakujua lolote, ila kwamba bila hicho sita kati ya saba hawakufa.

Hakuruka kwa furaha. Alizikunja kamba, akateremka kwa Docta Pascal, akamweleza. Docta alichora mistari kwenye karatasi, akasikiliza, akatikisa kichwa polepole.

"Ni vizuri, Mama. Lakini mapera uliwapa wakati wa mvua kubwa, na mulonge mvua zikiwa zinapungua. Mvua zikipungua hata ndama wasiopewa kitu wananenepa. Na umri wao umeongezeka."

"Najua," alisema Émérence.

"Unajua?"

"Nilifikiri hivyo njiani. Nilitumaini wewe hutafikiri."

Docta aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano alionekana kuona aibu. "Ile siku ya wageni," alisema, "ningepaswa kusema pamoja na wewe. Swali lilikuwa langu."

"Lilikuwa lako. Ukaniachia nilibebe peke yangu."

Nje, watu walikuwa wakizungumza habari za amani iliyotiwa sahihi mbali huko, wengine wakiamini, wengine wakingoja kuona. Papa Ramazani alikuwa ameshakataa tena, wiki iliyopita tu, kugawa ndama wake. Kitunguu saumu kikirudi, alisema, wote wapewe kama zamani. Émérence hakuwa na ndama hata mmoja wa kwake.

"Nina ng'ombe wawili kwa ndugu yangu, kule Kabulo," Docta alisema ghafla. "Wote wana mimba, watazaa mwezi mmoja. Zuhura ameniambia boti ya Jumamosi ina vitunguu saumu. Ndama mmoja tumpe vyote vitatu. Mwingine mapera na mulonge tu. Mwezi mmoja, zizi moja, mvua moja."

Émérence alifikiri. Alifikiri habari za ndama mmoja kuzaliwa dhaifu, habari za mama mmoja kuwa na maziwa mengi kuliko mwenziwe, habari za askari, malaria, na wazee wenye huruma.

"Wawili hawatoshi, Docta," alisema. "Hata wakitofautiana, hatutajua ni kwa sababu gani."

"Najua hawatoshi. Ndio nilio nao."

Alikaa kidogo, akivuta uzi uliokuwa ukifumuka kwenye pindo la kitenge chake. Kisha akauliza kama sakafu ya zizi hilo la Kabulo ni kavu. Docta alisema ina matope upande mmoja.

"Basi twende tukaitazame leo," alisema, akainuka. "Lazima ikauke kabla hawajazaa."